Uanze Mkanda wa Nani?

Mkanda wa picha uliokwisha kupigwa lakini haujasafishwa ni kitu cha ajabu. Picha imo, maana mwanga ulishagusa chembe za fedha zilizomo kwenye utando wake na kuziachia alama. Ila alama hiyo hakuna jicho linaloweza kuiona. Ukiufunua juani ili uhakikishe kama kweli kuna kitu, kitu hicho kinapotea hapo hapo. Njia ya kujua ni moja tu: uutie dawani, gizani, kwa joto na muda unaotakiwa. Na nafasi nayo ni moja. Ukishaharibika hakuna kurudia.

Kwa hiyo kila anayesafisha mkanda wa mtu mwingine amebeba kitu ambacho hawezi kukilipa akikiharibu. Wenye maabara za picha walilijua hili, ndiyo maana wengi wao walichapisha nyuma ya risiti kwamba mkanda wa mteja ukiharibika atapewa mkanda mpya. Mkanda mpya! Ni sawa na fundi cherehani aliyeunguza gauni lako la harusi kwa pasi, kisha akakupa mita tatu za kitambaa na kukuomba usaini.

Mikanda iliyonifikisha kwenye swali hili ilikuwa tisa, ndani ya kopo la maziwa ya unga, na hakuna hata mmoja uliokuwa wangu. Nilipewa na mzee mmoja wa Bunda aliyekuwa na studio karibu na stendi. Simtaji jina kwa kuwa hakupenda litajwe. Nilimwendea kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, ambao unahusu picha za studio katika mkoa wa Mara: nani alipigwa, kwa nini, nani alibaki na nakala. Nilitarajia mahojiano ya saa mbili na soda. Nikaondoka na kopo la mikanda na mashine ya kuisafishia, vyote vikiwa juu ya mapaja yangu ndani ya Hiace hadi Musoma.

Mashine yenyewe ilitengenezwa Ujerumani Magharibi, nchi ambayo nayo haipo tena. Kwa asiyewahi kuiona: fikiria beseni refu la plastiki kama la kuogeshea mtoto, lenye maji, hita na kidhibiti joto. Juu ya maji kuna vigurudumu, na juu ya vigurudumu linalala kopo jeusi lisilopitisha mwanga. Mkanda umo humo ndani, umeviringishwa kwenye gurudumu lenye mifereji. Kifuniko cha kopo kina sumaku inayonasa kwenye mota ya pembeni. Mota inalizungusha kopo mizunguko michache upande huu, inasita kidogo, kisha inalirudisha upande ule.

Faida yake kubwa ni ubahili. Kopo la kusimama linataka dawa ifunike mkanda wote, lakini la kulala linaridhika na kiasi cha robo lita, kwa sababu kila sehemu ya mkanda inapita dawani kwa zamu. Kwa mtu anayeagiza dawa kutoka Nairobi au Dar, hilo si jambo dogo. Lakini ubahili huu una masharti. Kopo lisisimame hata kidogo, kwa sababu sehemu iliyo juu itabaki hewani wakati ya chini inaendelea kulowa. Na lisizunguke upande mmoja tu. Dawa inayopita njia ile ile kila mara hujichimbia mikondo, kama maji ya mvua kwenye barabara ya vumbi, na mikondo hiyo utakuja kuiona kwenye picha: michirizi kwenye uso wa bibi harusi, au wingu kwenye anga ambalo siku ile halikuwapo.

Mashine hii ilikuwa imeacha kurudi nyuma. Ilizunguka upande mmoja tu, kama mtu mwenye hoja moja.

Mzee aliinunua katikati ya mwaka 1999 kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Kabla ya hapo alikuwa anatuma mikanda ya rangi Mwanza kwa basi na kusubiri wiki nzima. Alitaka kuisafisha mwenyewe pale pale Bunda. Siku aliyoifungua hakutia kazi ya mteja. Alipiga kuku wa uani kwake, mkanda mzima, akausafisha, akaona michirizi. Akaizima. Kuna vipuri aliahidiwa kutoka nje, navyo havikufika. Novemba mwaka huo akaugua, akalazwa kwa miezi, pango la studio likamshinda, na mikanda ya wiki zake za mwisho za kazi ikapanda darini pamoja na mashine. Wateja waliokuja kudai aliwarudishia fedha. Wengine hawakuja.

Natilia mkazo kisa cha kuku kwa sababu kinaonyesha kwamba mikanda ile haikusahauliwa. Ilizuiliwa na mtu ambaye hakutaka kujifunzia kwenye mali za watu.

Kuitengeneza mashine ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, na nitapita haraka. Fundi redio mmoja wa Nyasho aliifungua akakuta swichi ndogo inayogeuza mota imeota kutu ya kijani kwenye migusano yake. Akaisugua kwa msasa laini na spiriti, ikaanza kugeuka. Ringi ya mpira kwenye kifuniko ilikuwa imekakamaa na kuvuja. Tukapata inayolingana kwenye duka la vipuri vya pampu za maji. Kidhibiti joto kilidai nyuzi 38 wakati kipimajoto changu kilisoma 36 na nusu, kwa hiyo nikachora alama mpya kwa kalamu. Tofauti hiyo ni kubwa. Mikanda ya kawaida ya rangi husafishwa kwa utaratibu uitwao C-41, ambao Kodak iliutoa mwaka 1972, na dawa yake ya kwanza inatakiwa iwe nyuzijoto 37.8 kwa dakika 3 na sekunde 15. Kosa linaloruhusiwa ni nyuzi 0.15 juu au chini. Ndiyo, sifuri nukta moja tano, katika nyumba ambayo umeme unaweza kukatika katikati ya dakika ya pili. Kwa hilo nilijizoeza kuzungusha kopo kwa mkono huku nahesabu: mbele, mbele, nyuma, nyuma.

Kisha majaribio. Kwanza maji matupu, kuona kama linavuja. Baadaye mikanda yangu mwenyewe ya nyeusi na nyeupe, kwa dawa ya kahawa. Hili si utani: mwaka 1995 darasa moja la kemia ya picha huko Rochester, Marekani, lilionyesha kwamba kahawa ya unga iliyochanganywa na magadi yaliyosafishwa inaweza kuibua picha, na siku hizi watu huongeza na vitamini C. Mimi nilitumia Africafe ya Bukoba. Inanuka vibaya kuliko unavyoweza kuwaza, lakini ni rahisi, na kwa kupima mashine inatosha. Nilikwenda Makoko siku ya mawingu mazito, nikapiga anga juu ya ziwa, picha 36 za kijivu kitupu. Anga tupu ndilo shahidi mzuri, kwa sababu halina uso wala mti wa kuficha kasoro. Mkanda wa kwanza ulitoka na ukingo mmoja mzito kuliko mwingine: beseni lilikuwa limelala upande, dawa ikijikusanya mwisho mmoja wa kopo. Nikaweka pima maji, nikachomeka kipande cha boksi chini ya mguu mmoja. Mkanda wa tatu ukatoka sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hapo ningeweza kusema mashine imepona, tuanze kazi. Lakini mkanda mpya hupima mashine tu. Haupimi uzee.

Mkanda uliokaa robo karne chini ya bati la Bunda si mkanda ule ulioandikwa kwenye maelekezo. Joto huutia ukungu, yaani chembe ambazo hazikuguswa na mwanga nazo huanza kuwa nyeusi zenyewe. Tabaka za rangi, ambazo ni tatu, huzeeka kila moja kwa mwendo wake. Ukiusafisha kwa C-41 unaweza kupata rangi zilizopauka, au usipate kitu. Wenye uzoefu mara nyingi hushauri mkanda mzee wa rangi usafishwe kwa dawa ya nyeusi na nyeupe, kwa kuwa nafasi ya kuokoa sura huwa kubwa zaidi, ila hapo rangi unaziaga. Na muda je? Uongeze kwa sababu picha imefifia, au upunguze kwa sababu ukungu umezidi? Hakuna kitabu kinachoweza kukujibu kuhusu kopo hili, lililokaa dari hili. Wa kujibu ni mkanda mmoja kati ya hiyo tisa. Lazima mmoja utangulie, na unaotangulia una uwezekano mkubwa wa kuharibika ili mingine ipone.

Upi?

Mmoja ulikuwa na kipande cha gundi ya karatasi kilichoandikwa BUTIAMA 10/99. Minne ilikuwa na maandishi ya kawaida: kipaimara, darasa la saba, harusi, kipaimara tena. Minne haikuwa na neno lolote.

Msomaji wa Kitanzania hahitaji kuelezwa Butiama Oktoba 1999 ni nini. Mwalimu alifariki London tarehe 14 na akazikwa kwao Butiama tarehe 23. Mzee alifunga studio, akapanda lori, akaenda na kamera yake. Nilipomweleza mwenzangu wa darasa kwa simu, hakuchukua hata dakika kufikiri. "Una mikanda minne isiyo na jina," akasema. "Anza na hiyo. Ikifa, hajui mtu. Ukishajua dawa na muda, ndipo unasafisha wa Mwalimu."

Hoja yake si ya kijinga, na sitaki kuipunja. Kama lazima kitu kipotee, kipotee kile ambacho hakuna atakayekililia. Picha ya mazishi ya Baba wa Taifa, iliyopigwa na mpiga picha wa Bunda kutoka ndani ya umati, si kwenye jukwaa la wageni rasmi, ni ya nchi nzima. Picha za pasipoti za watu wasiojulikana ni za nani? Na mimi ni mwanafunzi wa historia. Ukweli ni kwamba nilipoisikia hoja hiyo nilitamani iwe sahihi.

Kinachonizuia ni kwamba hoja hii ina ukoo mrefu. Elimu nyingi tunazozifaidi leo zilijifunzwa kwanza juu ya watu ambao hakuna aliyetarajiwa kuwalilia. Kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara nyingi wanawake watumwa ili apate njia ya kutibu fistula. Tunajua majina ya watatu tu kati yao, Anarcha, Betsey na Lucy. Alipokwisha kujua, akaenda kuwatibu mabibi wenye uwezo. Sanamu yake ilisimama New York hadi ilipoondolewa mwaka 2018. Mkanda si mwili wa mtu, najua, na sitaki kulinganisha maumivu. Ninacholinganisha ni namna ya kuchagua. Mtu anauliza "nianze na nani?" na jibu linamjia lenyewe: na asiye na jina. Halafu anaita hiyo hesabu.

Tena hesabu yenyewe ina kasoro. Mazishi ya Mwalimu yalipigwa picha na kamera za magazeti na televisheni za nchi nyingi. Mkanda wa Butiama ungepotea, tungepoteza jicho moja kati ya mengi. Lakini mtu wa kijijini aliyekwenda Bunda mwaka 1999 kupiga pasipoti saizi huenda hakupigwa picha nyingine maishani. Kama alikufa kabla ya simu za kamera kufika, mkanda ule ndio uso wake wote uliobaki duniani. Ukipima kwa uchache wa kitu, wasio na jina ndio wenye thamani. Na "wasio na jina" ni lugha yetu sisi. Wao majina wanayo, ni sisi tusiyoyajua. Ingekuwa kejeli kuwatoa kafara kwa ajili ya picha za mtu ambaye Azimio lake la mwaka 1967 liliweka usawa wa binadamu mwanzoni kabisa.

Wala thamani haikai mahali pamoja. Mwaka 2015, katika ofisi za utangazaji za taifa Kampala, lilifunguliwa kabati lenye negativu zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za wapiga picha wa serikali wakati wa Idi Amin. Sehemu yake ilionyeshwa Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Aliyezifungia humo hangeweza kujua ni ipi itakayokuja kutazamwa kwa makini na ipi itapitwa. Mimi nina uhakika gani?

Kuna kisa kingine watu wa picha hupenda kukisimulia. Mwaka 1930 ilipatikana kambi ya mwisho ya Andrée na wenzake wawili wa Sweden, waliopotea mwaka 1897 wakijaribu kufika Ncha ya Kaskazini kwa puto. Mikanda yao ilikuwa imelala kwenye barafu miaka 33. John Hertzberg wa Stockholm aliisafisha na kuokoa picha 93 kati ya 240. Kisa hiki hutiwa moyo kila anayeshika mkanda mzee, na mimi kilinitia. Ila barafu ya kaskazini si bati la Bunda, na katika masimulizi yote nimekutana na sifa za zile 93. Zile 147 hazina msemaji.

Nilifikiria kupiga kura: niitikise mikanda yote tisa koponi, nitoe mmoja bila kutazama. Kura ina uzuri wake, haimbagui mtu. Lakini kadiri nilivyoifikiria niliona inanisafisha mikono mimi bila kumfaa yeyote mwingine. Mwenye mkanda uliotoka angeniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kumtia kwenye kura, ningesema nini?

Nikarudi Bunda kwa mzee. Nilimweleza yote, pamoja na hoja ya mwenzangu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Nani alikwambia huo ni mkanda wa Mwalimu?"

"Umeandikwa Butiama, mzee."

"Mwanangu, mkanda ulikuwa ghali. Ungekwenda Butiama na mkanda mpya ukarudi nao nusu, ukautoa? Nilikwenda na uliokuwa ndani ya kamera. Mwanzoni mna watu wa pasipoti. Katikati ndiyo Butiama, labda kumi, kumi na mbili, nilikuwa mbali na watu walikuwa wengi. Nikarudi nikamalizia na wateja wa Jumatatu. Ile karatasi niliandika ili mimi nikumbuke."

Basi mgawanyo wote ule, wa mkanda wa historia na mikanda ya watu wa kawaida, ulikuwa kwenye kipande cha gundi ya karatasi tu. Ndani ya kopo, Mwalimu na mteja wa Jumatatu walikuwa wameviringishwa pamoja tangu mwaka 1999. Hoja ya mwenzangu ilianguka, lakini na yangu haikupona sawasawa, kwa sababu mimi nami nilikuwa nimeipanga mikanda katika makundi, kisha nikayatetea yale ya chini.

Mzee akaomba kopo. Akaipapasa mikanda isiyoandikwa mmoja mmoja, akatoa mmoja uliofungwa uzi mwekundu ambao mimi nilidhani ni wa kuzuia ncha isitoke.

"Huu ni wa nyumbani kwangu. Anza na huu."

Ulikuwa wa mke wake, aliyefariki mwaka 2008, na watoto wao wakiwa wadogo. Nikakataa. Nilimwambia huo uwe wa mwisho kabisa, tukishajua. Akanijibu kwa methali kwamba kinyozi hajinyoi, kwa hiyo yeye anatoa kichwa, wembe nishike mimi. Nikamuuliza, kwa adabu niliyoweza, kama anayo haki ya kutoa picha za marehemu zijaribiwe. "Mama yao," akasema, "angekuuliza mbona umechelewa."

Nimelifikiria sana jibu lile. Kati ya watu wote waliomo kwenye kopo, yeye pekee ndiye aliyekuwapo kusema ndiyo, akijua kwa kazi yake ya miaka yote kwamba ndiyo ile inaweza kumgharimu kila kitu. Ruhusa ya mtu asiyejua hatari ni nyepesi. Yake haikuwa hivyo. Na hata hivyo sikuona raha. Mtu mwema akijitolea, wengine wote tunaokolewa na swali, na hiyo si sawa na kulijibu. Kama mzee asingekuwa na mkanda wa kwake, nadhani jibu langu lingekuwa kutosafisha hata mmoja mpaka apatikane mwenye wake wa kuutoa. Mwenzangu anasema huo ni uzembe uliovaa kanzu, kwamba kila mwaka unaopita ukungu unakula mikanda yote bila kuomba ruhusa ya mtu. Katika hilo la ukungu hajakosea.

Mzee alikuja Musoma Jumamosi. Nilimpa uchaguzi: rangi, ambayo huenda isitoke kabisa, au nyeusi na nyeupe. "Rangi nazikumbuka," alisema. "Nipe sura." Nyeusi na nyeupe inapenda nyuzijoto 20, na mashine ya Ulaya inajua kupasha maji tu, kupoza haijui; aliyeibuni hakuwahi kuwaza bomba la Musoma adhuhuri. Nikaenda Mwigobero kununua mabonge ya barafu kwa wanaopakia sangara. Tulitumia HC-110, dawa inayosifiwa kwa kutoongeza ukungu, na tukapunguza muda kidogo kwa sababu kopo linalozunguka bila kupumzika husafisha haraka kuliko la kusimama. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na beseni, kiganja juu ya mota, akisikiliza. Kila ilipogeuka alitikisa kichwa. Alikuwa ameisubiri igeuke tangu mwaka 1999.

Picha 14 zina watu. Zilizobaki ni kijivu. Katika hizo 14, nyuso zinazotambulika ni kama nane, zote nyuma ya kitu kama moshi wa kuni. Mke wake yumo katika tatu, na katika moja ameinua mkono kuzuia jua au kumzuia mpiga picha, mzee mwenyewe hakumbuki. Aliuning'iniza mkanda dirishani, akautazama muda mrefu kwa jicho moja, kisha akaniambia, kwa sauti ya fundi na si ya mjane, kwamba mwingine tuupunguzie dakika moja.

Mikanda minane ilibaki. Alitafuta daftari lake la risiti, na kwa mikanda mitano tukapata majina, si yote. Tumekuwa tukizunguka nalo. Baadhi wamehama, baadhi wamefariki na watoto wao wametuambia safisheni hata leo. Mtu mmoja alidhani tunamdai salio. Minne imeshasafishwa, kila mmoja baada ya kila jina tulilolipata kukubali, na miwili ilitoka vizuri kuliko ule wa mzee, kwa sababu ya ile dakika moja.

Kisha tukafika Nyamuswa kwa mama mmoja ambaye jina lake limo kwenye daftari, Oktoba 1999, nakala nne, kianzio kimelipwa. Alitukaribisha, tukanywa uji. Alipoelewa tulichokijia, akasema hapana. Picha ile alipiga kwa ajili ya mtu fulani, na mambo yake na mtu huyo yaliisha kabla picha haijatoka, na akashukuru Mungu haikutoka. Hataki ionekane. Mzee akamwonyesha kwenye daftari: ni ule mkanda ulioandikwa Butiama.

Nilimweleza mama kuhusu mazishi. Alijua, naye alikuwapo. Nikamwambia tunaweza kuusafisha wote, kisha tukate picha zake tumkabidhi mkononi azichome mwenyewe.

"Ili muzikate, si lazima mzione kwanza?"

Lazima. Kwenye mkanda usiosafishwa hakuna anayeweza kujua picha yake inaanzia wapi.

"Basi mtakuwa mmeniona," akasema, akatuongezea uji.

Nimeongea na mwenzangu wa darasa. Anasema nchi haiwezi kusubiri mapenzi ya mtu mmoja yaliyokwisha miaka mingi iliyopita. Mzee anasema yeye alichukua kianzio cha mama yule, na kianzio ni ahadi ya kumpa picha, si ya kuwapa wengine. Mama amesema tunaweza kurudi baada ya mavuno kumsalimia, bila kuahidi lolote. Mkanda wa Butiama nimeuhamishia kwenye friji ya jirani, ukungu usiendelee haraka, rafu ya chini kabisa, umefungwa ndani ya mifuko miwili kwa sababu ya harufu ya samaki.